Kibali Kabla ya Nyundo: Mwongozo Kamili wa Kubadilisha Sehemu ya Nje ya Nyumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar

Nyumba ya familia yetu iko Mkunazini, ndani kabisa, mahali ambapo gari haifiki na mkokoteni wa hamali hupita kwa kukwaruza kuta. Ami yangu alichoka kuona kila mwaka lipu ya chokaa inabanduka sehemu ya chini. Akaita fundi, ukuta wa mbele ukapigwa saruji mpaka usawa wa madirisha. Ulitoka laini, umenyooka, na sote tukausifu. Masika mbili baadaye rangi ya sebuleni ilianza kufanya mapovu, juu zaidi kuliko unyevu ulivyowahi kufika. Fundi mwengine alipogonga saruji ile, ilibanduka mapande mapana kama sahani. Nyuma yake chokaa ya zamani ilikuwa imelowa kama uji, na juu ya mawe pameganda unga mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi: chumvi tupu.

Hatukuwa tumeomba kibali. Tulidhani kibali ni cha wanaojenga hoteli. Tungekwenda kuuliza, tungeambiwa mapema kwamba ukuta ule unataka chokaa, tena kwamba kabla ya chokaa unataka bomba la paa lizibwe linapovuja. Tulilipa kazi ile mara tatu: kuipiga, kuibandua, na kuirudia.

Tangu siku hizo nimewasaidia jamaa na majirani kadhaa kuandaa maombi yao. Ninayoyaandika hapa yamhusu mwenye nyumba wa kawaida, mrithi, au mpangaji wa duka, anayetaka kugusa kitu kinachoonekana kutoka nje.

Nani anasimamia, na mipaka iko wapi

Chombo kinachohusika ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Sheria yake ya mwanzo ni ya 1994, na baadaye ikaja Sheria Namba 4 ya 2010. Mpango wa uhifadhi wa mji ulitayarishwa pamoja na Aga Khan Trust for Culture, taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, ukakamilika 1994, na mpaka leo mengi unayoambiwa ofisini kuhusu urefu wa majengo, matundu ya madirisha na aina ya lipu yana mizizi humo. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika Orodha ya Urithi wa Dunia: hekta 96 za mji wenyewe, na ukanda wa kinga wa karibu hekta 85 kandoni mwake. Kwa hiyo swali la kwanza ni dogo sana: nyumba yako imo ndani ya mji wenyewe au kwenye ukanda wa kinga? Wapo watu wanaokaa ukandani wakiamini kwamba sheria za Mji Mkongwe haziwahusu. Waulize wenye ramani kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa mchanga.

Swali la pili ni daraja la jengo. Majengo hayapo sawa. Yapo yaliyoorodheshwa kwa thamani ya juu, kama majumba ya kifalme, misikiti mikubwa na nyumba zenye mapambo ya pekee, ambayo hata ndani yake huruhusiwi kugusa ovyo. Yapo ya daraja la chini yake, na yapo ambayo hayakuorodheshwa lakini yanashika safu ya mtaa. Usifikiri kwamba nyumba isiyoorodheshwa haina mwenyewe. Mtaa kama Hurumzi au Sokomuhogo unapendeza kwa sababu nyumba sitini za kawaida zimeegemeana bila moja kujitutumua.

Na "nje" ni nini? Ni kila jicho linachokiona: kutoka uchochoroni, kutoka dari ya jirani, kutoka baharini kwa anayeingia na boti. Milango, madirisha na luva zake (vile vibao vyembamba vya mshazari vinavyopitisha hewa), roshani, baraza, lipu na rangi, paa, banda la juu ya paa, tangi la maji, kiyoyozi, dishi, kibao cha duka, nyaya, bomba la maji machafu linaloshuka ukutani. Kuziba dirisha ni mabadiliko, na kufungua lililozibwa ni mabadiliko vilevile. Hata ukarabati wa kurudisha kitu kilekile mahali palepale upelekee taarifa kwanza. Kazi nyingi zilizosimamishwa zilianza kwa maneno haya: "Ni matengenezo madogo tu."

Hatua ya kwanza: wenye nyumba wakubaliane

Naiweka hii mwanzo kabisa kwa sababu hapa ndipo faili nyingi hufia, na watu huilaumu ofisi.

Nyumba za Mji Mkongwe ni za namna tatu hivi. Za watu binafsi, ambazo kwa kawaida zina warithi wengi waliotawanyika: mmoja Muscat, mwengine Dar es Salaam, wawili Uingereza, bibi mmoja anaishi chini na hataki kelele. Za wakfu, zilizo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na za serikali. Ikiwa nyumba ni ya wakfu au ya serikali, wewe ni mpangaji tu hata kama babu yako alizaliwa humo, na ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba lazima itangulie maombi.

Kwa nyumba ya mirathi, pata karatasi za urithi zilizokamilika, kisha mmoja apewe uwakilishi kwa maandishi. Katika nyumba yetu tulikuwa warithi tisa. Ami alidhani kimya cha wale walio nje ni ridhaa. Kumbe binamu mmoja alikuwa na mawazo yake kuhusu roshani, na alipoona picha kwenye simu akapiga kulalamika wakati mafundi wako juu ya jukwaa. Kusanya majina yote, saini zote, ndipo uendelee. Pitia kwa sheha pia, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, na uwape habari majirani unaochangia nao ukuta. Ukuta wa pamoja una boriti za nyumba mbili ndani yake, na jirani asipoambiwa atakwenda kushtaki, tena atakuwa na haki.

Hatua ya pili: lisome jengo lako

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi. Itengee wiki mbili. Beba daftari, futi, na simu yenye kamera.

Anza na aina ya nyumba. Nyumba ya Kiarabu ya zamani ina uso mtulivu kuelekea mtaani, ukuta mpana na mlango mkubwa, na uzuri wake umefichwa ndani kwenye uwanja wa wazi unaoleta hewa. Nyumba ya duka ya Wahindi ni tofauti: chini milango ya mbao inayokunjwa, juu makazi na roshani iliyochongwa. Halafu yako majengo ya wakati wa Waingereza, mengine yakiwa kazi ya msanifu John Sinclair, kama Beit al-Amani kule Mnazi Mmoja, yenye kuba na matao. Linalofaa kwa moja halifai kwa jengine. Roshani ya mapambo ukiibandika kwenye uso mtulivu wa nyumba ya Kiarabu unaiharibu, hata kama mbao ni za mvule na fundi ni hodari.

Kisha angalia kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa na chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wa nusu mita na zaidi. Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, pamoja na chumvi, na hutokea nje kupitia lipu laini ya chokaa. Lipu hiyo hubanduka polepole, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa: inachakaa yenyewe ili jiwe lisichakae. Ukiufunga kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na chumvi inakauka ndani ya jiwe na kulimung'unya. Ami yangu alifanya hivyo kwa mapenzi yote.

Angalia dari. Boriti za mikoko ndizo zinazobeba sakafu, na boriti haivuki kwa usalama zaidi ya karibu mita tatu. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana madirisha ya nje yamepangika vile. Ukitaka kuunganisha madirisha mawili kuwa moja pana, huenda unaondoa kipande cha ukuta ambacho vichwa vya boriti vimekikalia. Gusa vichwa hivyo pale vinapoingia ukutani. Tia bisibisi: ikizama kama kwenye mkate, hapo una kazi ya usalama, na rangi isubiri.

Nyufa nazo zina lugha yake. Bandika donge dogo la plasta juu ya ufa, andika tarehe, liache miezi miwili. Likipasuka, ukuta unatembea, na anayetakiwa ni mhandisi. Tusifanye mchezo na jambo hili. Beit el-Ajaib, jumba la kifalme lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi za ukarabati zinaendelea, na watu walipoteza maisha.

Mwisho, simama nje wakati mvua inanyesha. Kweli, toka na mwavuli. Tazama maji ya paa yanakwenda wapi, bomba lipi linavuja, kiyoyozi kipi kinatiririsha ukutani mchana kutwa, mche gani umeota kwenye ufa. Nusu ya kuta nilizozikagua zilikuwa na ugonjwa unaotoka juu, na wenyewe walikuwa wanatibu chini.

Hatua ya tatu: nenda ukazungumze kabla ya kuchora

Watu huogopa kwenda ofisini mikono mitupu, wakidhani wataonekana wajinga. Kumbe huo ndio wakati mzuri. Nenda na picha zako, sema shida yako badala ya kusema suluhisho. Ukisema "nataka madirisha ya alumini", jibu ni hapana na mazungumzo yamekwisha. Ukisema "chumba cha watoto kinaingia vumbi na mbu, luva zimeoza", ofisa ana pa kuanzia: fremu inaweza kuungwa, wavu ukakaa upande wa ndani, kioo kikawekwa nyuma ya luva bila kuonekana mtaani.

Uliza mambo haya na uyaandike: daraja la jengo, kama kuna picha au vipimo vya zamani vya nyumba hiyo katika kumbukumbu, nyaraka zinazotakiwa, ada ya wakati huo, na kama kazi yako inahitaji pia idhini ya taasisi nyengine, kwa mfano manispaa, maji au umeme. Andika jina la uliyezungumza naye na tarehe.

Hatua ya nne: faili

Faili nzuri inamwezesha mtu ambaye hajawahi kufika kwenu aone nyumba akiwa amekaa mezani. Iwe na ushahidi wa umiliki au ridhaa. Ramani ndogo ya mahali pamoja na nyumba za jirani. Picha za kila upande unaoonekana, pamoja na moja inayoonyesha mtaa mzima. Mchoro wa hali iliyopo na mchoro wa hali inayopendekezwa, vyote kwa kipimo kimoja ili vilinganishwe, 1:100 au 1:50 (sentimita moja ya mchoro ni sentimita mia au hamsini za ukuta). Na michoro ya karibu ya vitu vidogo, dirisha au mlango, kwa 1:20 au 1:10. Ongeza karatasi ya vifaa: lipu ya nini, mbao gani, rangi gani, bati la namna gani.

Mchoro wa hali iliyopo ndio wengi huuruka. Usiuruke. Bila huo hakuna anayeweza kukutetea baadaye ukidaiwa kwamba ulipanua tundu.

Sasa maneno ya maombi. Hivi ndivyo yanavyorudishwa: "Naomba kibali cha kubadilisha madirisha na kufanya matengenezo mengineyo." Neno "mengineyo" ni mlango ulioachwa wazi, na hakuna mkaguzi makini atakayetia saini chini yake. Yaandike hivi:

"Naomba kibali cha kutengeneza madirisha manne ya ghorofa ya kwanza yanayotazama mtaa. Fremu mbili zitabaki, na zitaungwa mbao mpya pale palipooza chini. Mbili zimeliwa na mchwa. Zitatengenezwa upya kwa mvule, kwa vipimo na mgawanyo uleule wa luva, kama mchoro namba 3 unavyoonyesha. Hakuna tundu litakalopanuliwa. Rangi itakuwa ileile ya kijani iliyopo."

Sentensi sita, na kila moja inajibu swali ambalo lingeulizwa.

Yanayogomba mara nyingi, na njia zilizopo

*Lipu.* Nimeshasema mengi. Naongeza moja: usiandike "chokaa" kisha fundi akaongeza saruji "kidogo, ishike haraka". Mchanganyiko wa kawaida wa kuanzia ni chokaa moja kwa mchanga tatu, na fundi wa mji ataongeza udongo mwekundu kwa kadiri anavyoujua ukuta. Chokaa hai, yaani iliyotoka kuchomwa na haijatiwa maji, inazimwa kwa maji na huchemka kwa nguvu, hivyo watoto wawe mbali na fundi afunike macho. Ikishazimwa, ilale shimoni wiki kadhaa. Ikilala miezi ni bora zaidi. Fundi akikwambia ataizima leo na kuipiga kesho, tafuta mwengine.

*Milango.* Mlango wa Zanzibar ni mwili wenye viungo: miimo, kizingiti cha juu kilichochongwa, mfaa unaogawa mbao mbili katikati, njumu za shaba, yaani misumari mikubwa ya mapambo. Ya zamani mingi ina kizingiti kilichonyooka, pengine na maandishi ya Kurani. Ile iliyokuja na mkono wa mafundi wa Kihindi ina tao juu. Mlango uliooza chini hauhitaji kutupwa. Seremala mzuri anakata robo ya chini, anaunga mbao ya mfenesi au mvule, na baada ya miezi sita huoni kiungo. Unaloomba kibali ni hilo. Kuuza mlango wa zamani na kuweka mpya uliochongwa ufanane ni jambo linaloniumiza sana, kwa sababu mlango ukishaondoka mjini haurudi, na wanunuzi wapo kila siku wakibisha.

*Madirisha.* Alumini na vioo vya rangi hukataliwa upande wa mtaa. Ubishi wa wenye nyumba ni gharama, na ubishi huo una ukweli ndani yake: mbao nzuri ni ghali. Njia niliyoona inafaa ni kutengeneza kwa awamu, dirisha mbili kila mwaka, na kuomba kibali kimoja kinachotaja awamu zote.

*Kuongeza ghorofa au mgahawa juu ya paa.* Hapa pana fedha, kwa hiyo pana mvutano. Kila mwenye nyumba ya kulala wageni anataka kaukumbi ka chai juu, penye upepo na machweo. Banda jepesi la mbao lililorudishwa nyuma ya ukingo, lisiloonekana kutoka chini, linaweza kujadiliwa. Ghorofa ya zege juu ya kuta za matumbawe ni hatari ya moja kwa moja kwa wanaolala chini yake, na huondoa ule mstari wa mapaa unaouona ukiwa baharini. Kwa miradi mikubwa, nchi pia ina wajibu wa kuiarifu Kamati ya Urithi wa Dunia, na unaweza kutakiwa tathmini ya athari kwa urithi. Tenga muda na fedha kwa hilo tangu mwanzo.

*Viyoyozi, matangi, madishi, nyaya.* Upande wa uwanja wa ndani au nyuma ya ukingo wa paa. Bomba la kiyoyozi lipelekwe mpaka mtaroni.

*Vibao.* Kibao kidogo cha mbao kilichopakwa rangi kwa mkono hupita kwa urahisi. Sanduku la plastiki lenye taa ndani halipiti, na sioni kwa nini lipite.

*Baraza.* Watu hulivunja ili kupata nafasi ya ngazi au meza ya bidhaa. Baraza lile pia linakinga mguu wa ukuta usipigwe na maji na magurudumu. Likitengenezwa, litengenezwe kwa urefu na kina chake, wazee waendelee kukaa na watu wapande juu yake mtaa unapojaa maji.

Hatua ya tano: ukaguzi na jibu

Baada ya faili kupokewa, watakuja kuona. Siku hiyo awepo mwenye uwezo wa kuamua, pamoja na fundi. Fungua vyumba vyote vinavyogusa ukuta wa nje. Usifiche ufa kwa kabati: wakaguzi wamezaliwa katika nyumba hizi hizi. Sikiliza swali linalorudiwa, kwa sababu ndilo litakalokuwa sharti.

Jibu huwa la namna nne: ndiyo, ndiyo kwa masharti, rekebisha ulete tena, hapana. La pili ndilo la kawaida, na ndilo watu hulisoma vibaya zaidi. Wanaona neno "kimekubaliwa", wanafunga bahasha. Soma masharti mpaka mwisho, yatafsiri kwa lugha ya fundi wako, mpe nakala, na mtie saini nyote wawili. "Lipu iwe ya chokaa" kwa fundi inaweza kumaanisha chokaa ya mfukoni iliyochanganywa na saruji. Andika: "bila saruji hata kidogo."

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uliza ni sehemu gani hasa ya pendekezo imegomba. Mara nyingi ni kitu kimoja kati ya sita. Jirani yangu wa Kajificheni alikataliwa mradi wote kwa sababu ya bati la rangi ya buluu. Alipoandika bati la kawaida, yaliyobaki yalipita. Usianze kazi ukingoja kubishana. Kazi isiyo na kibali inaweza kusimamishwa na ukaamriwa kuibomoa kwa gharama yako.

Hatua ya sita: wakati wa kazi

Kazi ya chokaa usiianze mlangoni mwa masika. Miezi ya kiangazi ni mizuri, ila jua kali nalo hukausha lipu kabla haijashika: ilowanishe, itundikie magunia yenye maji, iache ikomae taratibu. Kazi ya lipu moja ifanywe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikipewa siku zake.

Kabla ya kupiga ukuta mzima, piga kipande cha mfano cha mita moja mahali pasipoonekana sana, kisha muite ofisa akione. Tulifanya hivyo tuliporudia ukuta wa ami. Kipande cha kwanza kilikuwa cheupe mno na kilipasuka nyufa za nywele. Fundi akapunguza chokaa, akaongeza mchanga wa chembe kubwa na udongo kidogo. Cha tatu kikakubalika. Siku tano zile za majaribio zilituudhi wakati ule. Mpaka leo ukuta haujatoa ufa.

Bandika nakala ya kibali mlangoni. Uchochoro usizibwe: mawe na mchanga viletwe kidogo kidogo, vifagiliwe jioni, na maiti, mgonjwa na mkokoteni wapate njia wakati wote. Boriti mpya zinunuliwe kwa njia halali, maana mikoko inalindwa na sheria za misitu.

Kisha kuna mambo ya ghafla. Ukibandua lipu utakuta vitu: tao lililozibwa, shubaka la taa, mbao ya kizingiti yenye nakshi, boriti iliyokatika kabisa. Simamisha kazi sehemu hiyo, piga picha, toa taarifa. Kibali chako kilitolewa kwa ukuta uliokuwa unaonekana siku ile ya ukaguzi. Sisi tulikuta shubaka mbili za kina upande wa mlango. Ami alitaka zizibwe, zisiwe viota vya mijusi. Tukauliza, tukaambiwa zikiachwa wazi ni bora. Sasa mjukuu wake huweka humo kandili usiku wa Ramadhani.

Kwa walio Lamu na Mombasa

Nyumba ni ndugu: matumbawe, chokaa, boriti. Kwa hiyo kusoma jengo, kuandika maombi na kupiga mfano kunafaa vilevile. Ofisi ndizo tofauti. Mji wa Kale wa Lamu uliingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na unasimamiwa chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya 2006 pamoja na taratibu za kaunti. Anzia kwa ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa iliyo karibu nawe.

Baada ya fundi kuondoka

Omba ukaguzi wa mwisho na karatasi yake. Piga picha upya ukisimama palepale uliposimama mwanzo, saa ileile ya mchana ukiweza, ili kivuli kisidanganye. Weka pamoja kibali, masharti, michoro, kipimo cha mchanganyiko wa lipu kilichokubaliwa na mahali ulipopata chokaa. Toa nakala kwa kila mrithi. Yetu ya asili imo ndani ya sanduku la bibi, chini ya kanga, na juu ya bahasha ami ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ukuta wa mbele. Chokaa tu. Paka upya kabla ya masika."